Bomba Lililoishia kwa Mzee Mbano

Enzi zetu maji ya bomba hapa Songea yalikuwa na wenyewe. Yalikwenda maofisini, kwa mapadri, na kwenye nyumba za wakubwa, basi. Sisi wa kule chini tulikuwa na kisima chetu bondeni, na idara nzima ya maji tuliyoijua ilikuwa mtu mmoja mwenye baiskeli, amefunga spana kubwa nyuma kwenye keria. Akipita tunamkimbilia, watoto wa mtaa mzima, "Fundi, tuletee maji!" Naye bila kugeuka, "Kesho!" Kesho yake hiyo tuliingoja mpaka wengine tukaota matiti.

Mimi na mdogo wangu Editha tulikuwa watu wa kisima. Baba alikuwa ameshafariki, Mama analima mahindi ya watu na ya kwake, kwa hiyo maji yalikuwa kazi yetu. Ninyi wa umri wangu mnaijua baridi ya Songea ya mwezi wa saba, ile inayofanya nyasi za njiani zikuchape miguuni kama fimbo za mwalimu. Tunashuka peku, ndoo kichwani, midomo imepauka, tunatoa moshi kinywani na kujifanya tunavuta sigara. Kisimani tunachota kwa kopo taratibu ili tope lisiamke. Tukishajaza, tunaweka matawi ya majani juu ya maji yasirukeruke, tunakaza ngata, tunapanda. Mama alikuwa na neno moja tu kwa wabeba maji: "Ukimwaga, unarudi." Hakupiga, hakugomba. Unarudi tu.

Editha alikuwa mwembamba, tena mchokozi. Akiona nimeanza kuhema kilimani anaanza kuniimbia wimbo wa harusi, eti bibi harusi apande polepole asichafue gauni. Nitacheka, maji yatamwagika kifuani, na yeye ndiye atakayerudi na mimi kuyafuata. Jioni tukila ugali na dagaa wa Nyasa, Mama anamuuliza, "Na leo mmerudi mara ngapi, Editha?" Yeye anajibu, "Muulize bibi harusi." Shule tulikwenda siku ambazo maji yaliruhusu. Ndiyo maana mimi kusoma nasoma, lakini msinitafutie Kiingereza.

Halafu siku moja yule fundi akaja na vigingi na kamba, akasema bomba linashuka mtaani kwetu. Masharti yake kila nyumba ichimbe mtaro wake, kuanzia kigingi hadi kigingi, idara italeta mabomba. Ee! Mtaa uliamka. Majembe, sururu, nyimbo, togwa kwenye ndoo. Watani wakaanza: "Wangoni mnachimba mtaro au mnachimba viazi?" "Nyie Wamatengo chimbeni, si mmezoea mashimo ya ngoro kwenye mashamba yenu ya milimani!" Mama alichimba kipande chetu peke yake, kanga kiunoni, akawa wa kwanza kumaliza. Fundi alishuka mwenyewe ndani akaupima kwa mguu, akasema, "Mama Skola, humu angelazwa hata mtoto." Skola ndiye mimi.

Mtaro huo ukawa kiwanja chetu cha michezo. Editha ndiye aliyebuni: yeye ni maji. Anasimama mwanzo wa mtaro, anapiga kelele, "Nakuja!" halafu anakimbia ndani yake mikono ameibana mbavuni, shhhhh, mpaka mbele ya mlango wetu. Hapo mimi ni bomba, sharti nifungue kwa kumzungusha sikio, naye anamwagika chini akicheka. Watoto wote wakataka kuwa maji. Yeye akawaambia, "Nyie mtakuwa maji ya chumvi."

Juu yetu kidogo, kati ya barabara na nyumba yetu, ndiko alikokaa Mzee Mbano. Namtaja kwa jina na sitafuni maneno. Bomba lilipaswa kupita kwenye migomba yake ndipo lifike kwetu na kwa wengine walio chini. Watu wote walichimba, yeye akawa anasema kiuno, anasema mvua, anasema kesho. Asubuhi ya kulaza mabomba tukakuta katikati ya migomba yake kuna tuta la udongo mbichi, juu yake limechomekwa msalaba wa mti.

Fundi akashika kiuno. "Mzee, hili kaburi juzi halikuwepo."

"Wewe umekuja lini Songea?" Mzee Mbano akamjibu. "Hapo amelala baba yangu. Mnataka bomba limpite marehemu tumboni?"

Wanaume wakatazamana. Wengine wakavua kofia! Mama ndiye aliyesema: "Mzee Mbano, baba yako si tulimzika Maposeni? Mimi nilisonga ugali wa matanga kwa mikono hii."

"Mwanamke asiye na mume ana midomo miwili," akasema Mzee Mbano, na kuna watu walicheka. Ninawakumbuka.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Komba, alikuwa amekwenda Maposeni siku hiyo ya maziko, tena alibeba jeneza. Fundi akamgeukia, "Mwenyekiti, unasemaje?" Akakohoa. Akasema, "Jamani, tuheshimu wafiwa." Basi. Hapakuwa na mwanamume wa kunyanyua jembe juu ya msalaba, hata kama kila mtu alijua chini yake kuna mizizi ya migomba tu. Upande wa pili ni korongo, na mabomba hayakutosha kuzunguka. Yakaishia kwenye uzio wa Mzee Mbano, yaliyobaki yakapelekwa mtaa mwingine, na bomba la mtaa mzima likasimama uani kwake, kufuli lake na ufunguo wake. Hilo ndilo alilolitaka.

Tukawa watu wa kuomba. Tunafika na ndoo, "Shikamoo babu, tunaomba maji." Akiwa na furaha anafungua. Akiwa amenuna anasema, "Leo hayana nguvu," na sisi tunayasikia yanaingia kwenye pipa lake. Siku kama hizo tulirudi kisimani. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, kisima kikashuka mpaka ukizamisha kopo unachota na vitu vinavyocheza. Mama alichemsha kila alipopata kuni, lakini mtoto akitoka shamba ana kiu hangoji sufuria.

Homa ya matumbo ilitukamata wote wawili, tukalazwa hospitali kitanda kimoja, kichwa huku na kichwa kule, miguu ya Editha ikiwa mbavuni kwangu. Miguu hiyo ilikuwa ya moto kwanza. Bado alinichokoza, alinifinya kwa vidole vya miguu akaniuliza, "Bibi harusi, umeamka?" Mimi nilipona. Mama aliporudi nyumbani na mtoto mmoja, Mzee Mbano alikuwa wa kwanza kuja kutoa pole, na tangu siku hiyo kufuli hakulifunga tena. Sikumshukuru wakati ule na simshukuru leo.

Mtu ataniambia, Skola, hayo yamepita. Kweli yamepita. Idara ya baiskeli ikawa mamlaka. Tukaona matangi makubwa yanapanda vilimani, magari yenye nembo, mafundi wenye helmeti, kila nyumba na mita yake. Watoto wetu wakawa wanasema "bili" kabla hawajajua kusema shikamoo. Katapila lilipokuja kupanua njia ya bomba kubwa, lilipita katikati ya ile migomba bila kuuliza. Mama alikuwa bado yu hai. Alisimama kando ya njia na mkongojo wake akaangalia udongo unatoka, udongo mtupu, mwekundu, mpaka shimo likaisha. Akasema, "Haya." Akarudi ndani kuchambua maharage. Mzee Komba alikuwepo naye, mzee kama Mama. Alitazama viatu vyake. Mzee Mbano alikuwa ameshatangulia, na huyo alizikwa kweli, Maposeni kwa baba yake.

Sasa nina bomba mlangoni, nje ya jiko. Maji yakikatika saa mbili tu utawaona vijana wamesimama barabarani na simu, wanalalamika kama mji umevamiwa, na ndoo hawana hata moja nyumbani. Mpe msichana wa leo ndoo na ngata, ataivaa ngata mkononi kama bangili apigie picha. Tuliokuwa tunaoga kwa kopo moja na kubakiza la kunawia miguu tunawatazama, tunacheka, na wakati mwingine tunakasirika.

Nina mjukuu wa kike, yuko darasa la pili. Akitoka shule anavua sare, anafungua bomba mpaka mwisho, anasimama chini yake uani akiruka, akiimba nyimbo zake zisizo na kichwa wala miguu, na maji yanakwenda mpaka kwenye maua ya jirani. Binti yangu hupiga kelele kutoka jikoni: "Mama, mwambie afunge! Wewe si ndiye unayejua shida ya maji?"

Ninaijua. Namwambia mtoto, "Oga, mama. Oga mpaka uchoke." Nami navuta kigoda changu karibu zaidi, yanirukie.