Neno Moja Nililoliongeza Kwenye Salamu za Shija

Najua mtakachosema. Mtasema huyu msanii anatafuta watu wa kusikiliza wimbo wake. Semeni tu. Wimbo wenyewe mimi nisingependa usikilizwe tena, na ningekuwa na uwezo wa kuingia kwenye kila simu kuanzia Shinyanga mpaka Geita niufute, ningeanza leo hii kabla ya chakula. Haya yalinikuta mimi, mchana wa jua kali, na sikuwa nimeonja hata togwa.

Wakati huo nilikuwa mchimbaji kwenye machimbo madogo, nje kidogo ya Runzewe. Kule hakuna anayekuuliza jina la ubatizo. Unapewa jina siku unayofika, na hilo ndilo linalokuzika. Mimi waliniita Redio kwa sababu sinyamazi, naimba hata nikiwa chini ya duara, yaani ndani ya shimo lenyewe. Kwetu ni Ngokolo, Shinyanga mjini, na nilikuwa nimekaa miaka sita bila kukanyaga. Kila mwaka nilimwambia mama kwenye simu kwamba nakuja. Ningeendaje? Mtu unarudi kutoka kwenye dhahabu mikono mitupu, majirani wanakuchungulia mlangoni. Aibu ilinila, na ile hamu ya nyumbani nayo ilinila, nikawa mtu wa kuhangaika tu, nalala nageuka, naamka natembea. Ndipo nikaanza kutunga.

Jumapili moja karasha za kusaga mawe zilikuwa zimezimwa, kukawa kimya. Nikakaa kwenye kivuli cha banda na gitaa langu la nyuzi nne, maana mbili zilikatika na sikununua nyingine. Nilikuwa na beti tatu na sikuwa na kiitikio. Nilikuwa nimekwama siku nyingi, nimekasirika mpaka nataka kulivunja gitaa.

Akaja mtu. Sikumsikia akija, lakini hilo sikulijali, kuna vumbi jingi kule linameza hatua za mtu. Alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, amevaa gambuti moja tu, mguu mwingine peku. Alikuwa na tope bichi mpaka kiunoni. Ulikuwa mwezi wa nane. Tope la wapi mwezi wa nane? Niamini, niliuona ule unyevu, na bado sikujiuliza.

"Mwadila," akanisalimia Kisukuma, nami nikamjibu. Nikamkaribisha gogo, hakukaa. Akauliza kama wimbo huo ni wa nyumbani. Nikamwambia ndiyo, ila hauna kiitikio. Akasimama akiangalia chini, kisha akaimba taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekaukiwa koo:

"Njia ya kaya naijua, wa kunivuta ndiye sina."

Jamani! Nilisisimka mwili mzima. Huo ndio mstari niliokuwa nautafuta. Nilidhani anazungumzia mapenzi, au ndugu wa kumshika mtu mkono. Nikaurudia pale pale, ukakaa kwenye gitaa vizuri kabisa. Nikamuuliza nimlipe nini. Akasema nimtaje kwenye salamu.

Asiyejua nyimbo zetu nimweleze. Katikati ya wimbo mwimbaji huacha beti akaanza kusalimia watu, fulani mwana wa fulani, anakaa mahali fulani, ni mzima na anawasalimu. Watu hutega sikio kwa ajili ya hapo kuliko wimbo wenyewe.

"Mimi ni Shija wa Mama Kulwa," akasema. "Kwetu ni ng'ambo ya Mwadui, unapita lambo la ng'ombe, nyumba ya tatu, uzio wa minyaa. Mwambie mayu, mama yangu, niko huku. Waje wanichukue."

Niliandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Wakati naandika nikaona kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha. Nilipoinua kichwa nimuulize anachimba duara gani, hakuwepo. Nikasema moyoni, huyu naye ana haraka.

Mwezi uliofuata nikapanda basi kwenda Shinyanga kurekodi. Studio ya Dulla iko Ngokolo, mitaa miwili tu kutoka kwa mama. Dulla ni mtoto wa mjini, babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, ana maneno mengi na sikio kali. Sasa nisikilize vizuri, maana hili linaniuma kuliko hata habari ya mzimu. Nilirekodi wimbo wa kumlilia mama mitaa miwili kutoka kwa mama, na sikwenda kumwona. Nilipita barabara ya nyuma, kofia nimeishusha mpaka machoni.

Beti zilikwenda vizuri. Tulipofika kwenye salamu nikasoma karatasi yangu. "Waje wanichukue." Ikanikera. Mtu mzima na ndevu zake anaomba kuchukuliwa, watu si watamcheka? Nikambadilishia. Nikaimba kama wanavyoimbiwa wote, "Shija wa Mama Kulwa yuko Runzewe, ni mzima, anakuja." Nilijiona nimemtendea wema.

Dulla akasimamisha. Akasema kuna mtu anagonga. Tukasikiliza, kimya. Tukarudia. Mara tu baada ya "ni mzima", kwenye hedifoni ikasikika ngo, ngo, ngo, kama jiwe kwenye ndoo ya bati. Dulla akatoka kwenda kugombana na majirani, akakuta nyumba zote mbili zimefungwa. Akahamisha maiki, akabadilisha waya, akazima feni. Tukarudia mara saba. Ngo, ngo, ngo, mahali pale pale. Mwishowe akacheka. "Kaka, mbona inaingia kwenye mapigo! Tuiache." Tukaiacha. Mimi mchimbaji, ambaye kila siku nikiwa chini na nikitaka kupandishwa nagonga ndoo mara tatu ili wa juu wavute kamba, niliisikia ile sauti na nikaitikia kwa kichwa kama mjinga.

Wimbo ulishika. Ulichezwa kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo, kwenye bodaboda, kwenye minada ya ng'ombe. Watu walicheza hasa pale pa salamu, wanapiga mguu chini mara tatu pamoja na ule mlio. Nami nilicheza, nisiwadanganye.

Kiangazi kilichofuata nikaambiwa kuna mama stendi ya Runzewe anamuulizia Redio mwenye nyimbo. Nikaenda kwa mbwembwe nikidhani nina mpenzi wa muziki. Nikamkuta mama mmoja mwembamba amekaa juu ya begi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ni Mama Kulwa. Nipeleke kwa Shija."

Alikuwa amebeba shati jipya na kifuko cha matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, maana Shija alivipenda tangu mdogo. Akanieleza njiani. Mwanae alikuwa kimya miaka mitatu. Ukoo ukakaa, ukaamua wamlilie yaishe. Siku ya matanga watu wamejaa uani, simu ya kijana mmoja ikapiga wimbo wangu. Mama akasikia jina lake, akasikia mwanae ni mzima, anakuja. Akainuka, akakunja mkeka, akawaambia watu waende makwao. Tangu siku hiyo alikuwa akimpikia jioni na kumwekea sahani. Alipochoka kungoja akaamua kumfuata.

Tulizunguka siku mbili. Hakuna aliyemjua Shija. Nikaanza kuingiwa na baridi, huku nimemshika mama wa watu mkono nikimwambia labda amehamia upande wa Geita. Siku ya pili alasiri tukafika kwa Mzee Lugiko, mvuta kamba wa zamani kuliko wote pale. Mama akamweleza sura ya mwanae, urefu wake, na ule ukucha wa gumba la kushoto ulioliwa na jembe akiwa mtoto. Mzee akavua kofia.

"Huyo ni Kimya," akasema. "Sisi tulimwita Kimya. Hatukujua kwao."

Duara liliporomoka wakati wa masika, miaka miwili nyuma, Kimya akiwa chini peke yake. Hapo mimi sikuwa hata nimehamia machimbo yale. Walichimba siku tatu, kwa sababu walikuwa wanamsikia akigonga ndoo. Mara tatu, anapumzika, mara tatu. Siku ya nne maji yakapanda, akanyamaza. Mwenye duara akaondoka, wakaliziba kwa magogo na miiba. Wangempelekea nani habari? Jina la Kimya halina kijiji.

Nilihesabu mvua. Masika yale yalikuwa yamepita mwaka mzima na zaidi kabla ya Jumapili yangu ya gitaa. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Mama Kulwa hakulia. Akasema nimpigie ule wimbo. Nikakataa, akarudia kwa upole, nikaupiga kwenye simu. Ilipofika pale, ngo, ngo, ngo, Mzee Lugiko akaziba masikio.

"Hiyo alipiga nani?" mama akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Na yeye mwenyewe alikuambia kwamba ni mzima?"

Jamani, nimewahi kuteremka futi nyingi kwenye shimo lisilo na matimba ya kuzuia udongo, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Nikamwambia hapana. Nikamwambia niliongeza mimi. Yeye alisema, "Waje wanichukue."

Angenipiga ningeshukuru. Yeye akasimama, akafungua kanga yake ya mabegani na kuuliza duara liko upande gani.

Tulitoa miiba na magogo mawili, vijana wawili wa pale wakitusaidia. Mama akapiga magoti pembeni mwa shimo, akaita. Hakuita Kimya. Aliita Shija, mwana wa baba yake, mdogo wao Kulwa na Doto, akamwambia kwa Kisukuma kwamba amekuja kumchukua waende kaya. Mzee Lugiko, bila kuambiwa na mtu, akafunga ndoo kwenye kamba akaiteremsha. Tukangoja. Na kutoka chini, kwenye giza lile lililofungwa miaka, ikagonga mara tatu.

Tulivuta. Nawaambia ukweli wa Mungu, tulikuwa wanaume wanne, na ile ndoo ilipanda nzito kama amekaa mtu. Kamba ilinichuna viganja, alama ninazo, ukitaka nitakuonyesha. Ilipofika juu ikawa nyepesi ghafla tukaanguka chali. Ndani mlikuwa na tope bichi, kiasi cha konzi mbili tu. Mama akalimimina kwenye shati jipya, akafunga kwa kanga, akalipakata.

Tulisafiri naye basi moja, mimi nimekaa kiti cha pembeni, siwezi hata kuomba msamaha. Kabla hatujafika Shinyanga akanigeukia. "Na wewe, mama yako analijua jina la duara lako?" Nikasema hapana. Akanipa matobolwa machache, akasema nile, safari ni ndefu. Hapo ndipo nililia, mwanamume mzima, mbele ya abiria.

Shija alizikwa nyuma ya uzio wa minyaa, nyumba ya tatu baada ya lambo. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka Ngokolo, nikaingia kwa mama kwa mlango wa mbele, mikono mitupu na viganja vimechunika. Hakuuliza dhahabu. Alileta maji ya kunawa.

Kesho yake Dulla akaja juu, ananifokea kwamba nani ameingia kwenye kompyuta yake. Ule mlio haupo. Tukatafuta kwenye simu za watu, haupo. Katikati ya salamu pana kanafasi ka kimya, na watu bado wanapiga mguu pale wasijue kwa nini. Lakini lile neno langu liko pale pale. Ni mzima, anakuja. Naimba uongo kwenye masikio ya watu mpaka leo, na siwezi kuufuta.

Sichimbi tena. Naimba minadani, na watu bado wananijia niwataje. Nimejiwekea sharti. Anayetaka salamu anipe kwanza mkono, niubane, nisikie joto lake. Wengi wanacheka, wananipa. Usingizi wangu haujarudi sawasawa, nasikia ndoo hata mvua ikidondoka kwenye beseni.

Basi wewe unayenisikiliza, kama uko mbali na kwenu kwa jina la kupewa, mwambie leo mtu mmoja jina lako na njia ya kwenu. Na ukipewa salamu, zipeleke kama ulivyopewa. Usipambe, usione aibu kwa niaba ya mtu, usiongeze hata neno moja.

Nawaambia haya kwa haraka kwa sababu Jumapili iliyopita, mnadani, saa nane mchana, alinijia dada mmoja akataka nimtaje kwa baba yake. Nikamnyooshea mkono. Akauangalia tu, akautaja mji wao, akalitaja jina lake. Nimeliandika kama alivyolisema, na basi langu la kwenda kwa baba yake linaondoka sasa hivi.