Laptopu ya Kusimama Kama Hema

Babu yangu, Verlyn Tollefsrud, aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na minne hapa Minnesota. Ukimkaribisha kahawa atasema hapana, nimeshakunywa. Ukirudia, atasema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo anasema, basi, nusu kikombe. Ndivyo tulivyo sote huku. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona mlafi, na anayekaribisha mara moja tu, hakutaka kukupa.

Msimu wa baridi uliopita, ugonjwa wa misuli ulimlaza bibi Ardis. Ulianza na mikono. Hilo lilimuumiza kuliko kitanda chenyewe, maana dada yake Lavonne, aliyeko Arizona, ni kiziwi tangu ana miaka tisa. Maisha yao yote waliandikiana barua, na wakionana Lavonne anasoma midomo. Sasa barua zimekwisha. Walijaribu kuonana kwa simu kuukuu ya babu, kamera yake hafifu, naye akiishika mbali, Lavonne akacheka, "Dada, mdomo wako naona kama punje ya mchele!"

Daktari alisema baada ya mikono ni mdomo. Labda majuma mawili.

"Kuna neno nataka nimwambie Lavonne," bibi alisema.

"Niambie mimi, nitamwandikia," babu akasema.

"La. Hilo ni la dada na dada."

Babu alimwomba mara tatu. Zote tatu alikataa, tukajua amekataa kweli.

Basi tukaenda dukani mjini, mimi na babu, kutafuta laptopu yenye kamera nzuri, ya kusimama yenyewe karibu na uso wa bibi. Muuzaji alikuwa Ramiro, kijana aliyehamia majuzi kutoka Texas.

"Ya kazi gani, mzee?"

"Ya nyumbani tu," babu akasema. Habari za bibi hakuzitaja.

Ramiro akamwonyesha zile ambazo kioo kinageuka mpaka nyuma. Moja ilikuwa nzito, ingevunja kimeza cha kitandani. Nyingine bawaba zake zililegea, kioo kikaanguka kifudifudi. Ya tatu babu aliisimamisha kama hema, kibodi ikajificha nyuma, akaisukuma kwa kidole. Haikutikisika. Akarudi nyuma hatua nne, umbali wa mto wa bibi mpaka miguuni, akatazama.

"Hii inashika," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Imebaki hiyo moja tu," Ramiro akasema. "Watu wameishikashika hapa mezani, nakupunguzia dola mia. Nikufungie?"

"Aa, hapana, kijana. Usijisumbue. Pengine kuna mwenye shida nayo zaidi."

"Haya mzee, hakuna neno."

Akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yetu. Mama yule akaichukua.

Babu alisimama, mikono mfukoni, masikio yamekuwa mekundu. Na mimi nilikuwa nasubiri aulizwe mara ya pili, kama yeye alivyosubiri.

Nyingine zilizobaki hatukuziweza bei. Babu akaagiza ya aina ileile, akaambiwa siku sita.

"Umerudi na nini, mzee?" bibi aliuliza. Maneno yalikuwa mazito lakini yanaeleweka.

"Nimeagiza."

"Ilikuwepo, ukasema hapana?"

Babu alikuwa anavua buti.

"Wewe Verlyn! Hata keki ya harusi yetu ulisema umeshiba." Alicheka mpaka akakohoa. Ni kicheko chake cha mwisho nilichosikia.

Theluji ikafunga barabara. Siku sita zikawa kumi na saba.

Ilipofika, babu aliisimamisha kwenye kimeza, akafuta kioo kwa shati. Uso wa Lavonne ukajaa pale. "Ardis! Nakuona vizuri!"

Bibi akafungua mdomo. Ulitikisika upande mmoja tu, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Rudia, dada."

Akarudia. Lavonne akasogea mpaka tukawa tunaona macho yake tu.

"Tena, mpenzi. Polepole."

Akarudia tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Ndiyo," Lavonne akasema. "Ndiyo, dada, nimekuelewa."

Bibi akafumba macho. Babu alimfunika blanketi, akaibeba ile laptopu mpaka jikoni. Kabla hajaizima, ujumbe wa Lavonne uliingia: *Verlyn, alikuwa anasema nini?*

Babu akaandika kwa kidole kimoja, *Sijui.*

Tulimzika bibi mwezi wa tatu, ardhi ikiwa bado ngumu. Baada ya ibada tulishuka chumba cha chini cha kanisa kula mikate ya nyama. Marlys Overby, jirani yetu, akapita na birika.

"Verlyn, kahawa?"

"Ndiyo," babu akasema.

Marlys alikuwa ameshapiga hatua kwenda kwa mwingine, maana alijua atasema hapana, kisha atamrudia. Akasimama. Akageuka, akamjazia kikombe.