Gari Lisiloitika Mara Moja

Shemeji yangu Masatu alikuwa fundi redio pale Makoko, Musoma. Marehemu mume wangu, kaka yake, alikuwa mkaguzi wa shule, nami nilikuwa mwalimu. Masatu aliishia darasa la saba. Sisemi hivyo kumshusha. Miaka ile ya foleni za sabuni, betri zilipoadimika, nusu ya Makoko ilisikiliza taarifa ya habari kwa betri chakavu alizozianika yeye juu ya bati hadi zikafufuka.

Mwaka 1993, maduka yalipokwisha kujaa vitu vya nje, wanafunzi wawili wa sekondari, Boke na Pelagia, wasichana wa Butiama, walimletea kazi. Shule zingeshindana Bunda kwa magari madogo yanayoongozwa kwa redio, bila waya. Masatu alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Akatafuta mota za redio kaseti, akakata bati la debe, akaunda. Nami kwa kiherehere changu nikaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MAGESA, jina la baba mkwe wangu.

Nilijitakia. Siku ya kulionyesha kwa wazazi katika ukumbi wa parokia, Boke hajagusa hata kitufe, gari likaondoka lenyewe. Likaingia chini ya meza ya wageni, likatokea upande wa pili na kitambaa cha meza, soda zikamwagikia mapajani mwa mgeni rasmi.

"Magesa huyoo!" mtu akapaza sauti. Ukumbi mzima ukacheka. Na kabla ya mashindano ya Bunda zilibaki wiki mbili.

"Futa hilo jina, shemeji," nilimwambia tulipofika nyumbani.

"Ngoja nifute ugonjwa kwanza."

Akaupata. Kila simu ya upepo, ile redio ya mawasiliano ya misheni ya jirani, ilipoanza kuongea, gari liliruka.

"Linaitikaga kila anayeita," alisema. "Halina adabu kabisa."

"Basi halikulelewa na mama yenu!" nilimjibu kwa hasira. "Mimi nilipoolewa tu aliniambia, ukiitwa na usiyemwona, nyamaza hadi akuite mara ya tatu. Mzimu hauwezi kuita mara tatu."

Masatu akaacha kuunga waya. Akanitazama, kisha akaanza kucheka, risasi ya kuungia waya, bado ya moto, ikidondokea mkeka wangu.

"Shemeji! Rudia hayo!"

Kwa siku nane akalifunza gari adabu za mama mkwe. Lisitoke mpaka lisikie milio mitatu mifupi, iliyopishana sawasawa. Na mlio wa kuliongoza ukikatika katikati ya safari, lisimame palepale. Misheni iliongea asubuhi nzima, gari kimya. Boke akagonga kitufe mara tatu, likatoka mbio, na wasichana wakalifuata wakirukaruka uani kote.

Bunda, gari la mgeni mmoja lenye simu ya upepo liliegeshwa kando ya uwanja. Lahaula! Kigari cha shule moja kikaparamia goli, kingine kikamfukuza mwamuzi hadi akapanda benchi. Chetu kimetulia.

"Magesa amelala!" watazamaji wakapiga kelele.

"Mpeni uji!"

Nikaukumbatia mkoba wangu. Boke akagonga: kimya. Akagonga tena: kimya. Mara ya tatu, likaondoka! Likazunguka mapipa yote, likasimama mstarini kama mwanajeshi. Nikapiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka, na sikukiokota. Mimi, mwalimu niliyefundisha miaka ishirini na sita.

Mwamuzi akaja na daftari lake, bado anahema. "Fundi, umesomea chuo gani?"

Lile darasa la saba, mbele ya shule zote!

"Kwa mama yangu, mheshimiwa," Masatu akasema. "Makoko."

Watu wakacheka. Mwamuzi akasita, kalamu juu. Nikapenya kati ya watu, kichwa wazi.

"Mwandike," nikasema. "Wegesa, mke wa mzee Magesa. Hakusoma hata darasa moja. Andika na hilo."