Bonde Letu na Amri ya Rais

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, gari la serikali liliposimama kijijini kwetu, upande wa Nyakitonto, na ofisa akatusomea tangazo: kwa amri ya Rais, bonde letu la maharage na mihogo limetwaliwa kwa manufaa ya umma. Tuvune, tuondoke.

Wazee waliinamisha vichwa. "Mwenye nguvu mpishe," akasema baba yangu. Mimi damu ilinichemka, nikanyakua jembe nikang'oe mawe ya mipaka waliyoyasimika. Shangazi Bukuru, mjane aliyelishwa na bonde lile maisha yake yote, akanishika mkono.

"Ukiyang'oa, kesho watazungumza habari zako, si za bonde. Twende tukaulize."

"Tukamuulize Rais?"

"Tukaiulize sheria. Kwani hayo madaraka kapewa na nani?"

Nilidhani huzuni imemchanganya. Ndivyo tulivyo ujanani, asiyepiga kelele tunamwona mwoga. Lakini alizunguka nyumba kwa nyumba hadi tukapata wakili, na kesi ikafika Mahakama Kuu, enzi hizo tukiifuata Tabora.

Hadi leo namheshimu yule wakili wa serikali. Alikuwa kijana, mgeni kwetu, ametumwa kuitetea amri. Jaji akamuuliza, "Wananchi hawa walisikilizwa kabla ya uamuzi?"

Akapekua jalada lake. Mkubwa wake alikuwa nyuma, anamkazia macho. Kisha akasema, "Mheshimiwa Jaji, nimetafuta. Hawakusikilizwa. Siwezi kusema vinginevyo."

Nilimwona Shangazi akifuta machozi kwa ajili ya mtu aliyekuja kutupinga.

Jaji naye hakumvunjia Rais heshima. Alieleza kwa upole kwamba Rais anaweza kutwaa ardhi kwa sababu sheria imempa uwezo huo. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka kwanza awape taarifa wenye ardhi na kuwasikiliza. Bila hivyo amri haisimami. Akaifuta.

Na serikali ikatii! Ikaanza upya, safari hii ikaketi nasi. Shangazi alisema mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe wakachukua kilima chetu cha jirani, bonde wakatuachia. Hatukupata yote, ila tuliulizwa kama watu.

Basi, mwanangu, ukisikia "amri imetoka juu," usitetemeke, wala usikimbilie panga. Uliza ni sheria gani iliyomruhusu aliyeitoa, na kama ameifuata. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kiongozi anayekubali kukatwa nao hapungukiwi kitu. Mimi humwona mkubwa zaidi. Nawe ukikalia kiti siku moja, hata cha kitongoji, sikiliza kabla ya kuamua. Na ukiulizwa ukweli mbele ya mkubwa wako, useme.

Imana, kama tumwitavyo Mungu huku Uha, akupe moyo usioogopa wakubwa wala kuwadharau wadogo. Akukuze, akutunze, na neno lako liwe la kuaminika popote utakaposimama.