Makofi Mawili ya Maestro

Mwaka ule niliokaa ndani, furaha yangu ilikuwa ikianza kwa makofi mawili. Pa-pa, ng'ambo ya ua wetu wa matete, kisha kimya, kisha mtu wa besi akikohoa, kisha kwaya nzima ikirudi mwanzo wa mstari. Upepo wa ziwani ulikuwa umeezua paa la kanisa, kwa hiyo Maestro Bahati, jirani yetu na kiongozi wa kwaya, aliwafanyisha watu wake mazoezi uani kwake, siku tatu kwa wiki, saa kumi, wakati ambapo kwetu Uvira jua linapunguza ukali na harufu ya ndagala, samaki wadogo walioanikwa ufukweni, inapanda mpaka ndani ya vyandarua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mguu wa kulia ukiwa ndani ya plasta, na makofi yale niliyangoja kama wengine wanavyongoja mpira redioni.

Nieleze basi huo mguu, maana watu wakisikia nilivunjwa na pikipiki hunionea huruma nisiyostahili. Pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama. Mwenyewe aliingia dukani, mimi nikaipanda nione nitakavyopendeza, ikalala, nami chini yake. Katika mji ambamo pikipiki zinapita mbio kila upande, nilifanikiwa kuumizwa na ile pekee iliyokuwa haiendi popote. Nikakosa darasa la sita mwaka mzima. Wenzangu walipita njiani na mifuko yao ya shule, wakinisalimia kwa sauti za watu waliofika matangani.

Plasta ilipotolewa, mguu ulitoka mwembamba kama mwiko, na goti halikutaka kunyooka. Mganga wa hospitali akamwambia Mama, mbele yangu, kwamba nisiposimama kila siku litabaki hivyo mpaka uzeeni. Lakini kusimama kuliuma, kitanda kilikuwa kizuri, na mimi tangu kuzaliwa ni mtu wa nyumbani. Mama alibembeleza, akatisha, akanunua maandazi na kuyaweka kwenye meza ya mbali. Niliyatazama tu. Jioni, akitoka sokoni alikouza mchele wa Sange, alinikuta pale pale aliponiacha asubuhi, naimba. Nilizijua nyimbo zao zote, sauti zote nne. Ule nilioupenda kuliko zote, wa kuvuka mto wetu, ulisema, "Nimevuka Ruzizi, miguu yangu mikavu," na kwenye hilo neno mikavu wamama wa sauti ya pili waliteleza kila siku. Pa-pa. Maestro aliwauliza kama wanashuka mlima bila breki, akawaambia warudie. Wakarudia, wakateleza, pa-pa, wakarudia tena, nami kitandani nikirudia nao, na kwa muda huo sikukumbuka kama nina goti.

Mama aliliona hilo. Siku moja akaenda penye ua, akamwita Maestro, wakanong'ona kidogo, kisha kichwa cha Maestro kikatokea juu ya matete.

"Weye Neema, minye nakusikia kila siku. Unataka kuimba na siye Noeli?"

Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

"Basi kwaya yangu haiimbi imekaa. Simama hapo kwenu wimbo muzima. Siku utaweza, nafasi yako iko kwa sauti ya pili. Wale wanahitaji musaada, unawasikia mwenyewe."

Ng'ambo ya ua wamama wakacheka, mmoja akasema niletwe haraka kabla hawajafukuzwa wote. Kesho yake nilishika nguzo ya baraza na kusimama. Mistari miwili tu, jasho likanitiririka, nikarudi kitandani nikilia na kuimba kwa pamoja. Wiki iliyofuata mistari mitano. Siku za mazoezi Mama aliwahi kutoka sokoni ili anihesabie. Hakuna aliyeniambia kwamba wimbo mzima ni dakika nne. Ule nilioujua mimi, pamoja na kurudia na kugombezwa, ulichukua karibu nusu saa, na ndio huo niliojifunza kuusimamia.

Noeli ikafika, kanisa lina paa jipya, mimi nimevaa gauni lililozidi mabega. Magongo niliyojia kanisani yaliegemezwa ukutani, mbali, nami nilishika ukingo wa benchi. Tulifika kwenye mikavu, na wamama wa sauti ya pili, kwa mara ya kwanza maishani mwao, hawakuteleza. Kwaya ikasonga mbele. Mimi, ambaye sikuwahi kusikia mstari ule ukiimbwa mara moja tu, nikarudi mwanzo wake peke yangu, kwa sauti kubwa: Nimevuka Ruzizi. Kanisa zima likageuka. Mama akaziba mdomo kwa kitenge. Nikaliachia benchi nijifiche uso kwa mikono, nikajua sasa nakaa chini mbele ya watu.

Maestro alinitazama, akaitazama miguu yangu, halafu mbele ya mchungaji na wageni wake wote akapiga: pa-pa. Kwaya, kwa mazoea ya mwaka mzima, ikakata wimbo na kurudi kwangu. Tuliurudia mstari ule mara nne. Mara ya pili ngoma zikaingia, mara ya tatu watu wote wakasimama na vigelegele, na mara ya nne ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeshika kitu chochote.

"Huyu mutoto amejifunza mpaka makosa yetu," Maestro alisema mlangoni, huku Mama akimweleza kila aliyetoka kwamba nimesimama, kana kwamba wao walikuwa mbali huko Kamanyola.

Kwaya ile bado inaurudia mstari huo mara nne kila Noeli, na wageni hudhani ndivyo ulivyotungwa. Mimi nashona nguo nyumbani, na rafiki zangu husema hata harusini kwangu nitatuma mwakilishi. Simu yangu imejaa nyimbo za studio: hakuna anayeteleza, hakuna anayekohoa, zinapita moja kwa moja hadi mwisho na kuniacha nilipokuwa. Mvua zikianza, goti huuma. Siku hizo nazima simu, nasimama katikati ya chumba na kuanza kuvuka Ruzizi. Nikifika kwenye mikavu nateleza makusudi, ili nipate sababu ya kupiga makofi mawili na kurudia.