Maksai Kwenye Kibendera cha Kona

Mimi ni dalali wa mpunga, na dalali asiyehesabu mara mbili mwisho wa siku hubaki na kamba bila gunia. Kwa hiyo naomba uniamini ninaposema kwamba siku ya mechi yetu ya mwisho ya ligi ya wilaya, kwenye uwanja wetu wa Kagongwa kulikuwa na wachezaji ishirini na wawili, refa mmoja, washika vibendera wawili na ng'ombe wawili. Ng'ombe nao niliwahesabu mara mbili. Walikuwa maksai, wamefungwa nira, jembe la kukokota liko nyuma yao, wamesimama karibu na kibendera cha kona wanacheua. Walikuwa wakingoja filimbi ya mwisho, kama sisi.

Ili uelewe walifikaje pale, lazima nianzie mashineni.

Timu yetu ilizaliwa kwenye mashine za kukoboa mpunga. Wabeba mizigo wakishamaliza kupakia malori ya asubuhi hukaa mpaka jioni wakingoja ya jioni, na mtu mwenye nguvu za kubeba gunia la kilo mia hawezi kukaa tu akipigwa na jua. Wakaanza kupiga danadana juu ya malundo ya pumba. Ukianguka kwenye pumba huumii, ila unawashwa siku mbili. Baadaye wakajiunga vijana waliorudi kutoka Buzwagi mgodi ulipofungwa. Kazi hawakuwa nayo, lakini viatu vya kazini walikuwa navyo, vile vyenye chuma mbele. Beki wetu wa kati alicheza msimu mzima wa kwanza na viatu vile. Marefa walimwambia avivue, akawa anakubali, anavua kimoja.

Jina la timu limebadilika mara tatu, kufuatana na nani kanunua jezi. Hizi za sasa alituletea mchimbaji mmoja kutoka upande wa Geita, ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilikuwa limetema wiki hiyo. Akaja na furushi, akalitupa chini kama mtu anayetupa ndizi mbivu. Nikahesabu: jezi kumi na nne. Nikahesabu tena: kumi na nne, lakini namba nane ziko mbili, na namba tatu haipo. Kumtafuta yule mchimbaji, kashahamia kwenye duara lingine. Tukachukua plasta ya kidonda tukafunika upande wa kushoto wa nane moja, ikawa tatu. Tatizo ni jasho. Ikifika dakika ya sitini, ile tatu hurudi kuwa nane. Marefa wa wilaya wameshazoea, kabla ya mechi wanauliza tu, "Nane ya plasta ni nani leo?"

Mimi ndiye meneja. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na daftari.

Kanuni inasema timu isiyo na uwanja wa nyumbani haisajiliwi. Nyuma ya mashine kulikuwa na mbuga tambarare kabisa, mali ya bibi mmoja, mjane mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nikaenda kuomba. Nimeshapatana na wanunuzi wa kila mkoa, nimeshapatana na mtu aliyeniletea mchele wenye mawe akaapa kwamba ndiyo aina yake, lakini sijawahi kutokwa jasho kama nilivyotokwa kwenye kigoda cha yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye dalali?"

"Ndiye mimi."

"Basi usikae karibu na kuku wangu."

Nikasogea. Nikaeleza habari za mpira, vijana, afya, kutokaa vijiweni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Majani yangu mtayakanyaga?"

"Kidogo tu, bibi."

"Ng'ombe wangu anayakanyaga, lakini ananipa maziwa. Nyinyi mtanipa nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo dalali hafanyi, la kuuza mzigo usio ghalani. Nikasema, "Tutakupa sifa, bibi. Watu watasema ardhi yako ni ya washindi."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wanangu wanaitaka ile mbuga walime mpunga. Nitawapa nyinyi. Lakini siku mkiwa watu wa kushindwa kwenye ardhi yangu, nitawapa wao."

Tukashikana mikono. Sikuuliza kitu kingine.

Tukakaa misimu mitatu pale. Mistari tuliichora kwa majivu ya pumba, upepo ukivuma eneo la penalti linahama, nasi tunahama nalo. Kushinda tulishinda mara chache, kutoka sare mara nyingi, na bibi hakuwahi kulalamika, kwa sababu hakuwahi kuja. Msimu wa tatu mambo yakaharibika. Tulifika mechi ya mwisho tukiwa mkiani, mvua za kwanza zimeshanyesha, na ile mbuga ni udongo mweusi unaoshika maji. Hata mimi, kama nisingekuwa meneja, ningeilima. Wanawe wakambana mama yao. Akasema sawa, mechi hii nitakwenda mwenyewe, wakishindwa, limeni jioni hiyo hiyo.

Wanawe si watu wa kupoteza muda. Wakaja na maksai tayari, na majembe ya mkono ya kutengenezea majaruba, vile vitalu vya mpunga.

Wageni wetu walikuwa timu ya wachimbaji, vinara wa ligi. Waliingia na Fuso mbili. Ya kwanza ilibeba wachezaji na mashabiki, ya pili ilibeba spika nne na jenereta. Wakaziegesha upande wa mashariki, wakawasha muziki, ardhi ikaanza kutetema mpaka majivu ya mstari wa kati yakawa yanarukaruka. Basi watu wote wakahamia huko. Sisemi mashabiki wao tu. Wetu pia, muuza vitumbua pia, na mama mkwe wa kapteni wetu akiwa mbele kabisa, kashika kiuno.

Mpira ukaanza. Vijana wetu wakacheza kama watu wanaotazamwa na maksai. Dakika ya kumi na tano bado ilikuwa sifuri kwa sifuri, mimi moyo unaniruka kwa furaha, nikasikia fimbo ikinigusa bega. Bibi.

"Mmeshashindwa," akasema.

"Hapana bibi, bado sifuri kwa sifuri!"

"Sifuri yako kaipike. Tazama watu wako upande gani."

Nikatazama. Upande wetu wa magharibi tulibaki mimi, yeye, kocha, wachezaji wa akiba na wabeba mizigo wachache waliokuja wamechoka. Upande wa pili ulikuwa umejaa. Ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nikataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Huku Usukumani, baada ya mavuno, ngoma mbili huwekwa uwanja mmoja, kila moja upande wake, zinapigwa wakati uleule. Hakuna refa wala bao. Watazamaji wanakwenda wanakopenda, na ngoma iliyobaki bila watu ndiyo iliyoshindwa. Bibi huyu, nilikuja kuambiwa, alipokuwa msichana alifuata ngoma yake kwa miguu mpaka Kolandoto, na wakarudi washindi. Misimu mitatu nimeogopa mabao, kumbe mwenye uwanja hahesabu mabao!

Nikamkimbilia kocha, mwalimu wa shule ya msingi, mtu makini. "Mwalimu, mtoe mshambuliaji."

"Nani? Huyu mmoja niliye naye?"

"Huyo huyo. Kwao Bariadi alikuwa mrusha majembe kwenye ngoma. Namtaka nyuma ya goli."

"Meneja, umekula nini leo?"

"Mwalimu, unataka bao au unataka uwanja?"

Akatazama maksai. Akamtoa. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa Nane ya plasta. Akatoka nje anatweta, nikamweleza kwa maneno kumi, akacheka mpaka plasta ikabanduka.

Majembe sasa. Majembe yaliyokuwa karibu yalikuwa ya wana wa bibi tu. Nikamwendea mtoto mkubwa wa bibi, amesimama kando ya maksai wake, mchokoo wa kuswagia ng'ombe mkononi, uso wa mtu anayeuona mpunga umeshaota.

"Kaka, niazime majembe manne."

"Ya nini?"

"Ya muda mfupi. Jioni utayakuta safi."

"Dalali, mtashindwa hata mkicheza na majembe."

"Basi una hasara gani?"

Akanipa. Alinihurumia, nadhani. Ngoma ikabaki. Nilikuwa na madebe yangu mawili ya kupimia mpunga pale mashineni, mazima, yaliyonyooka, madebe ambayo nilikuwa sijamruhusu mtu hata kuyakalia. Debe likibonyea, kipimo kimekufa. Nikayatazama mara mbili. Nikawapa wabeba mizigo, nikageuza uso.

Ah, lile debe la kwanza lilivyolia! Wabeba mizigo wale, waliokuwa wamelala kama magunia, waliamka. Nane akatangulia nyuma ya goli la wageni, pembeni kwa upande wetu wa magharibi, akarusha jembe juu, likazunguka mara mbili angani (nilihesabu), akalidaka kwa mpini bila kutazama. Wabeba mizigo watatu wenye majembe wakafuata. Upande wa mashariki kichwa kimoja kikageuka. Kisha kumi. Muuza vitumbua akajitwisha beseni lake, akaanza kuvuka, kwa adabu, akizunguka nje ya mstari. Mama mkwe wa kapteni hakuzunguka. Alikata katikati ya uwanja, refa akasimamisha mpira kumpisha.

Wageni wakafunga. Moja kwa sifuri, na mfungaji akakimbia mashariki kushangilia, akakuta nusu ya watu wake wamempa mgongo. Wakafunga la pili. Akaenda tena kule, polepole, akarudi hata kabla hajafika.

Kipa wao alivumilia kwa dakika ishirini. Ngoma iko nyuma ya nyavu zake, kila jembe likipanda watu wanasema "Eeeh!", naye ni binadamu. Lilipopanda lile la juu kuliko yote, akageuka. Wakati huohuo beki wetu wa kati, akiwa na kiatu kimoja cha chuma, alipiga mpira kutoka nusu yetu ili mradi uondoke. Ukaingia. Kipa alikuwa anapiga makofi, ila hakulipigia bao, alilipigia jembe.

Ningependa kukwambia kwamba tulisawazisha. Baada ya mapumziko timu zilibadilishana magoli, na sasa ngoma ikawa nyuma ya kipa wetu. Alifungwa matatu. Baada ya la mwisho aliulizwa na kapteni wetu, "Ulikuwa wapi?" akajibu, "Kaka, hukuona lile lililozunguka mara tatu?" Jumla tano kwa moja.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mtoto mkubwa wa bibi aliinua mchokoo. Maksai wakaacha kucheua.

"Mama, basi. Tano kwa moja."

"Tano ya nini?"

"Mabao, mama."

"Dalali!" bibi akaita. "Hesabu watu."

Nikapanda juu ya gunia la majivu nikahesabu kumi kumi, kama magunia. Magharibi walikuwa wengi kiasi kwamba nilipoteza hesabu kwenye kundi lililokuwa limembeba Nane juu. Mashariki nilimwona mlinzi wa jenereta na dereva mmoja wa Fuso.

"Magharibi umati, bibi. Mashariki wawili."

"Rudia."

Nikarudia. Dereva alikuwa anavuka kuja kwetu, amevua kofia. Mlinzi wa jenereta alitazama mashine yake, akatutazama sisi, akazima muziki, akaja naye anakimbia.

"Mashariki hakuna mtu, bibi."

Bibi akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Rudisha ng'ombe nyumbani."

"Lakini mama! Yale majembe ni ya kwetu!"

"Ndiyo maana wameshinda. Ni majembe mazuri."

Mwanawe alikaza mchokoo, nikadhani ataendesha maksai hivyohivyo katikati ya umati. Kisha akatazama mahali Nane alipokuwa, juu ya mabega ya watu, jembe bado mkononi, na nikaona mdomo wake unapigana na kicheko na kushindwa. Akawageuza maksai. Walikanyaga kibendera cha kona wakati wa kutoka, ndiyo hasara yote ya uwanja siku ile. Yangu ni madebe mawili, ambayo mpaka leo wateja wakiyaona huniuliza kama nimeyagonga na lori. Ligi nayo ilitushusha daraja. Kule chini pia wanadai uwanja wa nyumbani, na uwanja tunao.

Wageni walikuwa wanajikusanya kwenye Fuso zao kimya kimya, vinara wa ligi, hakuna aliyewashangilia. Bibi akawafuata na fimbo yake. Nikamfuata mbio nikiogopa atakachosema. Kapteni wao, aliyefunga matatu peke yake, alikuwa ameshika mpira kwapani. Bibi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anayetoa pole msibani.

"Mwanangu, poleni sana. Msikate tamaa. Mlijitahidi mwanzoni."

Kapteni akanitazama mimi. Nikamfinyia jicho, lile tunalofinyiana madalali, la kusema usiharibu biashara.

"Asante, bibi," akasema. "Tutajipanga."