Pampu ya Upepo ya Mjomba Mutua

Nichekeni mimi, lakini mjomba wangu Mutua mwacheni.

Mzungu mmoja aliyesimamisha gari lake Emali alinieleza kwamba injini ikisukumiwa hewa nyingi hupata nguvu. Pampu, alisema, ni za aina mbili. Moja huzungushwa na injini yenyewe. Hujibu upesi, ila hula sehemu ya nguvu hiyo hiyo. Nyingine huzungushwa na moshi unaotoka, nguvu ya bure, lakini huchelewa kuamka, na hiyo, enzi zile, ilikuwa ya ndege tu. Mimi dereva wa lori bovu nikabuni ya tatu: inayozungushwa na mjomba.

Mjomba ni mhunzi. Nilimkalisha juu ya madigadi, lile bati la gurudumu la mbele, na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi, mdomo wa mvukuto ukielekea kwenye kabureta, pale injini inapovutia hewa, tukaanza kupanda kilima cha Nunguni na akina mama wa kanisa wamekaa nyuma. Lori likatetemeka, likapanda! Niliona mikono ya mjomba ikienda juu na chini, nikapaza sauti, "Mnaona akili ya dereva?"



Kileleni nikashuka kupokea sifa. Akina mama walikuwa nyuma ya lori, mizigo mgongoni, kamba za vikapu vyao vya vyondo kwenye paji la uso, wanatweta, viganja bado vimeegemea ubao.

Nikamgeukia mjomba nimuulize. Mmoja wao, Mama Ndunge, akanishika mkono.

"Usimuulize, mwanangu. Mvukuto ulipasuka kona ya kwanza. Alituashiria tushuke tusukume, na mikono yake haikusimama, usije ukaaibika mbele yetu."